Je, Wazimu Unaonekana Katika Picha ya Kichwa?

Neno "wazimu" tumeliandika pale juu kwa sababu ndivyo watu wanavyouliza. Hufika hospitalini kutoka katikati ya Butembo, kutoka Kyondo, kutoka Musienene, na wengine kutoka ng'ambo ya Beni, wakimshika kijana wao mkono, nao husema: "Munganga, mpige picha ya kichwa, tuone wazimu umekaa wapi." Swali hilo ni jema, nalo lastahili jibu la kweli. Lakini tangu sasa tutaliacha neno lile, maana linamtukana mgonjwa bila kumsaidia. Tutasema ugonjwa wa akili. Na kati ya magonjwa mengi ya akili tutasema juu ya moja tu, ambalo wanganga huliita skizofrenia.

Tunaandika kwa sababu ya hatari moja. Jamaa huuza shamba, au mbuzi wote, au mashine ya kushona ya mama. Wanapita Kasindi, wanavuka mpaka, wanasafiri mpaka mji mkubwa wa Uganda, wanalipa picha ya kichwa. Munganga wa kule anaitazama na kusema: "Picha ni safi, hakuna kitu." Wanarudi nyumbani wakifikiri hivi: mashine kubwa kama ile imeshindwa kuona ugonjwa, basi si ugonjwa, amelogwa. Kisha dawa zinatupwa, na kijana anapelekwa mahali pa kufungwa mnyororo. Fedha imekwisha, na mgonjwa amezidi. Jambo hili linatokea, nalo linatokana na kutofahamu picha ile inaweza kusema nini na haiwezi kusema nini.

Ugonjwa wenyewe

Mara nyingi ugonjwa huu hauanzi kwa kelele. Kijana wa miaka 17 au 20, aliyekuwa akisoma vizuri, anaanza kushindwa darasani. Anajitenga. Haogi. Usiku halali, mchana analala. Mama humwita mvivu, baba humwita mkaidi, mwalimu husema amevuta bangi. Pengine ni kweli amevuta, maana bangi huongeza hatari ya ugonjwa huu, hasa kwa yule aliyeanza kuvuta akiwa bado mdogo. Mambo hayo yaweza kuendelea miezi mingi, hata mwaka na zaidi. Halafu siku moja anasema jirani amemtilia sumu katika chakula, au redio inatangaza habari zake, au watu asiowaona wanamsema vibaya. Ukimsikiliza, sentensi moja haishikani na nyingine. Uso wake hauonyeshi furaha wala huzuni.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba watu kama milioni 24 ulimwenguni walikuwa na ugonjwa huu, yaani karibu mtu 1 katika kila watu 300. Umo Ulaya, umo Marekani, umo Asia, nao umo kwetu. Wanaume huanza kuugua mapema kidogo kuliko wanawake. Katika mji mkubwa kama Butembo wako wengi kuliko unavyodhani. Huwaoni kwa sababu wamewekwa katika vyumba vya nyuma.

Usichanganye ugonjwa huu na jeraha la hofu. Tangu Oktoba 2014 watu wengi wa Beni na vijiji vyake wameona mauaji kwa macho yao. Mtu aliyeona mambo hayo akaamka usiku akipiga kelele, au akatetemeka akisikia mlio, ana jeraha la roho linalotunzwa kwa njia nyingine. Yeye pia aje hospitalini. Lakini si lazima awe na skizofrenia.

Jinsi wanganga walivyochungulia ndani ya fuvu

Wazee wa Oicha wanaukumbuka ukoma. Daktari Carl Becker wa Africa Inland Mission aliwatunza wakoma wengi pale Oicha kwa miaka mingi. Watu waliuita ukoma laana, wakawafukuza wenye ugonjwa. Lakini kwa ukoma munganga alikuwa na jambo moja la kumsaidia: aliweza kukata kipande kidogo cha ngozi, kukiweka chini ya hadubini, na kumwonyesha mtu yeyote vijidudu vyenyewe. Bishano likaisha. Kwa skizofrenia hakuna kijidudu. Hauambukizi. Huwezi kuupata kwa kula sahani moja na mgonjwa wala kwa kulala naye chumba kimoja. Na ubongo umefungwa ndani ya fuvu. Hakuna awezaye kuukata kipande ili kuutazama.

Eksirei ya kawaida haikusaidia. Inaonyesha mfupa vizuri, lakini ubongo ni laini, nayo hupita ndani yake kama mwanga unavyopita kiooni. Mwaka 1927 huko Ujerumani, Jacobi na Winkler walijaribu njia ngumu: walitoa maji yanayozunguka ubongo, wakaingiza hewa mahali pake, kisha wakapiga eksirei. Njia ile iliumiza kichwa vibaya sana, wala hatusikitiki kwamba imeachwa.

Msaada ulitoka mahali pawili. Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alianza mwaka 1956 kutafuta hesabu za kuunganisha eksirei nyingi ziwe picha moja ya ndani. Wakati ule alikuwa akifanya kazi katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Huko Uingereza Godfrey Hounsfield akaunda mashine yenyewe. Mwaka 1971 mgonjwa wa kwanza, mwanamke aliyedhaniwa kuwa na uvimbe katika ubongo, alipigwa picha katika hospitali moja ya London. Wote wawili wakapewa tuzo ya Nobel mwaka 1979. Hiyo ndiyo mashine tunayoiita skaneri. Angalia kwamba tangu siku ya kwanza ilitumika kutafuta uvimbe. Haikuundwa ili kusoma mawazo ya mtu.

Ndani kabisa ya ubongo wa kila mtu, wako na wangu, mna vyumba vidogo vyenye maji safi. Mwaka 1976 Eve Johnstone, Tim Crow na wenzao wa Northwick Park, London, walipiga picha za wagonjwa 17 waliokuwa na skizofrenia kwa miaka mingi, wakazilinganisha na za watu 8 wasio na ugonjwa. Vyumba vya maji katika ubongo wa wagonjwa vilikuwa vikubwa zaidi. Fikiri haragwe ndani ya ganda lake. Likiwa bichi linalijaza ganda; likisinyaa, nafasi inaongezeka, ingawa ganda halikukua. Vivyo hivyo, vyumba vile vikipanuka, mara nyingi ni kwa sababu nyama ya ubongo inayovizunguka imepungua.

Baadaye ikaja mashine nyingine, IRM, isiyotumia eksirei bali sumaku yenye nguvu nyingi. Picha zake ni safi zaidi. Mwaka 1990 wataalamu wa Marekani waliwapiga picha mapacha jozi 15. Hawa walikuwa mapacha wa namna moja, wanaofanana kama matone ya maji, lakini katika kila jozi mmoja alikuwa na skizofrenia na mwenzake hakuwa nayo. Katika jozi 12 waliweza kumtambua mgonjwa kwa kutazama tu nafasi za maji katika picha. Fikiri jambo hilo: mama mmoja, tumbo moja, damu moja, nyumba moja, na bado ubongo wa mmoja umepungua na wa mwingine haukupungua. Kwa hiyo yule asemaye, "Ni ukoo wao tu," hajasema yote. Urithi una sehemu kubwa, lakini si sehemu yote.

Mwaka 2018 wataalamu wa nchi nyingi walitoa hesabu ya picha walizozikusanya pamoja, za wagonjwa 4,474 na za watu 5,098 wasio na ugonjwa. Waliona kwamba gamba la nje la ubongo, ambalo ni la kijivu, ni jembamba kidogo kwa wagonjwa, hasa upande wa mbele na pembeni karibu na masikio. Tafadhali ulishike neno hilo, "kidogo". Tutalirudia.

Kwa nini vijana?

Wewe mwenye shamba la kahawa unajua kazi ya kupogoa. Mkahawa usiopogolewa huota matawi mengi sana lakini punje zake ni chache. Mwenye shamba huchukua kisu, huondoa matawi ya bure, na nguvu ya mti huenda mahali panapofaa. Lakini mfanyakazi asiyejua kazi akipogoa kupita kiasi, au akikata matawi mazuri, mti unadhoofika.

Ubongo nao hupogolewa. Chembe zake zinashikana kwa viungo vidogo sana, wala hesabu yake haisemeki. Mwaka 1979 Peter Huttenlocher wa Chicago alihesabu viungo hivyo katika ubongo wa watu waliokufa, akaona kwamba mtoto mdogo ana vingi kuliko mtu mzima. Tangu utoto mpaka ujana vile visivyotumika huondolewa. Hiyo si hasara. Kwa njia hiyo kijana anaanza kufikiri upesi na kujitawala. Mwaka 1982 Irwin Feinberg alitoa wazo kwamba katika skizofrenia kazi hii ya kupogoa inakosea. Mpaka leo halijathibitishwa kabisa, lakini mambo mengi yaliyoonekana baadaye yanaliunga mkono, na mimi naona ndilo linaloeleza vizuri kuliko mengine kwa nini ugonjwa hungoja mpaka miaka ya ujana ndipo utokee.

Sikiliza jambo lililoonekana mwaka 2001. Paul Thompson, Judith Rapoport na wenzao wa Marekani walitoa habari za vijana 12 ambao ugonjwa ulikuwa umewapata mapema sana, kabla ya kutimiza miaka 13. Jambo hilo ni la nadra. Waliwapiga picha tena na tena kwa muda wa miaka kama 5, pamoja na vijana wengine 12 wasio na ugonjwa. Vijana wote walipoteza kiasi cha sehemu ya kijivu, kama ilivyo kawaida ya umri huo. Lakini kwa wagonjwa hasara ilikuwa kubwa zaidi. Ilianza juu, upande wa nyuma wa utosi, ikaenea mwaka kwa mwaka kuelekea pembeni na mbele, kama moto wa kiangazi unavyotembea katika majani makavu.

Na huko Melbourne, Australia, mwaka 2003, wataalamu walitoa habari za vijana 75 waliopigwa picha walipokuwa na dalili za mwanzo tu. Baadaye 23 kati yao waliugua kweli. Walipozirudia picha za kwanza waliona kwamba wale 23 walikuwa na upungufu katika sehemu fulani za ubongo kabla ugonjwa haujafunguka.

Jambo hili lina maana kubwa kwa jamaa zetu. Huku kwetu watu husema: "Aliugua siku ile baba yake mdogo alipogombana nasi juu ya shamba." Au: "Ni tangu mahari ilipokataliwa." Nao wanamtafuta mtu wa kulaumu, na mara nyingine mzee asiye na kosa hupigwa, hata kuuawa. Lakini picha zinasema kwamba ugonjwa ulikuwa njiani kabla ya ugomvi ule. Huzuni na ugomvi vyaweza kuuharakisha, kama upepo unavyoangusha mti ulioliwa na mchwa ndani. Aliyekuja siku ya upepo hakuleta mchwa.

Sauti anazosikia

Labda utauliza: "Je, kijana anaposema anasikia watu wakizungumza, anadanganya?" Hapana. Anasikia kweli.

Huko London mwaka 1993 Philip McGuire na wenzake walichukua picha za ubongo wa wanaume 12 wenye skizofrenia wakati waliposikia sauti, kisha tena baada ya sauti kunyamaza. Picha hizi ni za namna nyingine: zinaonyesha damu inakimbilia sehemu gani ya ubongo, maana sehemu inayofanya kazi huhitaji damu zaidi. Sauti zilipokuwapo, damu iliongezeka katika sehemu ile mtu anayoitumia kutengeneza maneno yake mwenyewe. Mwaka 1999 huko Frankfurt, Ujerumani, wagonjwa watatu walilala ndani ya mashine, wakabonyeza kitufe kila sauti zilipoanza na kila zilipokoma. Sehemu ya ubongo inayopokea sauti kutoka masikioni iliamka na kufanya kazi, ingawa hapakuwa na mtu aliyesema naye.

Basi ni nani anayezungumza? Ni ubongo wake mwenyewe. Kila mtu husema na nafsi yake ndani: "Leo nitakwenda soko la Butembo, nitanunua chumvi." Wewe unajua kwamba maneno hayo ni yako. Katika ugonjwa huu ubongo hushindwa kuitambua kazi yake yenyewe, na yale maneno ya ndani huja kama ya mtu mwingine. Jaribu kujitekenya mwenyewe kwapani. Huwezi kucheka, kwa sababu ubongo wako unajua mapema kwamba mkono ni wako. Wataalamu waliwajaribu wagonjwa wanaosikia sauti, wakaona kwamba wao wakijitekenya wanasikia karibu sawa na kutekenywa na mtu mwingine.

Kwa hiyo usimwambie, "Unaongopa, hakuna sauti." Ni sawa na kumwambia mwenye jino bovu kwamba jino haliumi. Wala usimwambie, "Ndiyo, nami nawasikia," maana utaongeza hofu yake. Mwambie: "Mimi siwasikii, lakini naamini kwamba wewe unawasikia, na naona unaogopa. Kaa hapa na mimi." Kisha umpe kazi ndogo ya mikono, kama kuchambua maharagwe au kuteka maji. Wagonjwa wengine huimba kwa sauti ili kuzifunika zile sauti, nasi hatuwakatazi.

Sasa, picha iliyo safi

Turudi kwa yule kijana aliyepelekwa Uganda. Kama ubongo hupungua, kwa nini munganga alisema picha ni safi? Ni kwa sababu ya lile neno, "kidogo".

Chukua wanaume 1,000 na wanawake 1,000, uwapime urefu. Utaona kwamba wanaume kwa jumla ni warefu kuliko wanawake. Hakuna atakayebisha. Lakini nikikuambia, "Nyuma ya mlango huu yuko mtu mwenye urefu wa mita 1 na sentimita 65," je, utaweza kusema kama ni mwanamume au mwanamke? Hutaweza. Ndivyo ilivyo na picha hizi. Ukikusanya mamia ya wagonjwa na mamia ya wengine, tofauti huonekana wazi. Ukishika picha ya mtu mmoja, mara nyingi hutambui kitu. Wako wagonjwa wengi wenye ubongo wa ukubwa wa kawaida, na wako watu wengi wenye vyumba vikubwa vya maji ambao hawakuugua hata siku moja. Mapacha wale tuliwatambua kwa sababu kila mmoja alikuwa na mwenzake wa kulinganishwa naye. Kijana wako hana pacha.

Tena tofauti yenyewe si ya ugonjwa peke yake. Pombe nyingi, bangi na njaa huweza kubadili picha. Hata dawa zenyewe, zikitumiwa kwa wingi miaka mingi, zadhaniwa kupunguza ubongo kidogo. Mwaka 2011 wataalamu wa Iowa, Marekani, waliokuwa wamewafuata wagonjwa 211 kwa miaka, waliandika hivyo. Usiache dawa kwa ajili ya habari hii. Ndiyo sababu munganga mwema huanza kwa kipimo kidogo na haongezi ovyo.

Kwa hiyo mpaka leo hakuna hospitali yoyote ulimwenguni, wala London wala New York wala Kampala, inayomtambua mgonjwa wa skizofrenia kwa picha peke yake. Munganga hutambua kwa masikio yake: humsikiliza mgonjwa, huwasikiliza jamaa, huuliza mambo yalianza lini na yamedumu kwa muda gani. Picha iliyo safi haimaanishi kwamba hakuna ugonjwa. Na haimaanishi hata kidogo kwamba amelogwa. Maana yake ni kwamba hakuna uvimbe, wala jipu, wala damu iliyomwagika ndani ya fuvu. Hiyo ni habari njema. Mama ashukuru, asilie.

Basi picha inahitajiwa lini? Yako magonjwa mengine yanayojifanya kuwa skizofrenia. Mtu akianza kuchanganyikiwa ghafula huku ana homa, usifikiri picha, fikiri malaria ya kichwa au homa ya uti wa mgongo, umkimbize hospitalini siku ile ile, maana hata usiku mmoja ni mwingi. Damu itapimwa, na pengine maji ya mgongo. Kaswende na virusi vya Ukimwi pia huvuruga akili, navyo vinapimwa kwa damu bila safari ndefu. Lakini kama ana kifafa kipya, au mkono na mguu wa upande mmoja umelegea, au kichwa kinauma kila asubuhi pamoja na kutapika, au macho yanafifia, au alianguka na pikipiki akaumia kichwa, au ugonjwa umemwanza uzeeni, hapo skaneri inafaa kweli, na fedha haikupotea. Katika sehemu zenye nguruwe wengi wanaozurura, mabuu ya tegu nayo huweza kuingia ndani ya ubongo na kuleta kifafa na mavurugo, na picha huyaonyesha. Munganga au muuguzi ndiye atakayekuambia. Usijiandikie picha mwenyewe.

Huenda siku moja mambo yatakuwa mepesi zaidi. Mwaka 2022 huko Mbarara, katika nchi jirani ya Uganda, wafundishaji wanne na watu sita ambao hawakuwa wamewahi kufanya kazi hiyo walijenga mashine ndogo ya IRM kwa vipande vilivyoletwa kwa ndege kutoka Uholanzi. Tangu mizigo kufika mpaka picha ya kwanza, ilichukua siku kama 11. Sumaku yake ni dhaifu kama mara 30 kuliko ile ya mashine nyingi za hospitali kubwa, na wazo lake la kwanza ni kuwasaidia watoto wachanga wenye maji mengi kichwani. Haiwezi kuonyesha skizofrenia. Lakini tumefurahi kuona mikono ya Mbarara ikiijenga.

Dawa, nyumba, na kungoja

Mwaka 1952 huko Paris wanganga Delay na Deniker waliwapa wagonjwa wa akili dawa iitwayo klorpromazini, na vyumba vilivyojaa makelele vikatulia. Dawa hiyo bado ipo, pamoja na haloperidoli, risperidoni na nyingine. Haziondoi ugonjwa kwa siku moja. Usingizi hurudi kwanza, kisha hofu hupungua, na baada ya majuma kadhaa sauti huanza kunyamaza au kwenda mbali. Shingo ikikakamaa, mikono ikitetemeka au mate yakitoka, usiseme dawa ni sumu. Rudi, iko njia ya kuyatengeneza hayo. Kosa kubwa ni kuacha dawa kijana akiisha kupata nafuu. Ugonjwa hurudi, mara nyingi kwa nguvu.

Mgonjwa anayeanza kutunzwa mapema hupona vizuri kuliko yule aliyengojewa miaka. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba angalau mmoja katika kila wagonjwa watatu anaweza kupona kabisa. Wengine wengi hulima, huuza dukani, huoa, hulea watoto, huku wakiendelea kumeza dawa, kama mwenye ugonjwa wa sukari anavyoendelea na dawa zake.

Kuhusu vyumba vya maombi: omba, nasi hatukuzuii. Lakini mnyororo hauponyi ubongo, wala fimbo, wala kunyimwa chakula na maji. Mgonjwa asiyekunywa maji siku tatu huletwa kwetu akiwa karibu kufa, na hapo tunalazimika kuyatibu mafigo kabla ya akili. Mchungaji anayempenda mgonjwa atamwombea asubuhi na kumkumbusha kumeza kidonge jioni.

Si lazima kuvuka mpaka. Butembo na Beni kuna vituo vya CEPIMA vinavyotunza wagonjwa wa akili, Goma kuna Tulizo Letu, Bukavu kuna SOSAME. Anza na kituo cha afya kilicho karibu nawe, watakuonyesha njia.

Ukija, mlete mtu anayelala nyumba moja na mgonjwa, maana yeye ndiye aliyeona usiku. Aje anajua mambo yalianza mwezi gani, mgonjwa alivuta au alikunywa nini, kama aliwahi kuanguka kifafa, na kama yuko mwingine katika ukoo aliyeugua hivyo. Leta vidonge vyote alivyopewa, hata vya sokoni, hata miti ya mfumu, hatutakukaripia. Na kama mmekwisha kupiga picha ya kichwa, msiitupe. Iweke ndani ya bahasha yake, mahali pakavu, usiikunje wala kuipanga karibu na moto, uilete pamoja na karatasi iliyoandikwa. Hata picha safi ina kazi: miaka miwili ijayo, kama jambo jipya likitokea, munganga ataiweka kando ya picha mpya na kulinganisha.